Niko Hapa Hapa Kiwanjani

Kila asubuhi, kabla hata ya chai kuchemka, Awino alikuwa na kazi moja: kuwatoa ng'ombe wa Mzee Japheth kwenye kiwanja cha ndege. Walikuwa ng'ombe saba. Sita kati yao walikuwa na adabu. Wakimwona na fimbo walijiondokea wenyewe. Wa saba alikuwa fahali mweusi ambaye watu walimbandika jina la Mwenyekiti, kwa kuwa akishakalia mahali haondoki mpaka achoke mwenyewe. Awino, msichana wa Gredi ya Saba mwenye miguu isiyojua kutulia, alimsukuma, akamtekenya, akamtukana kwa heshima. Mwenyekiti alitafuna tu.

Kiwanja hicho kiliitwa Got Adhaya, na kilikuwa upande wa ziwani ukitoka Rodi Kopany. Kilikuwa ukanda mrefu wa udongo mwekundu ulioshindiliwa, mlima upande wa mashariki, ziwa upande wa magharibi. Kulikuwa na banda la mabati, choo cha shimo, na mlingoti uliofungwa soksi ya upepo, yaani mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya machungwa unaowaonyesha marubani upepo unavuma kuelekea wapi. Kiwanja kizima kilikuwa hicho. Mnara hakikuwa nao.

"Kisumu kuna mnara," Waya Millicent alipenda kuwaeleza wageni. Waya ni shangazi kwa Kijaluo, na huyu alikuwa dada ya baba yake Awino na mtunzaji wa kiwanja kwa miaka tisa sasa. "Kule kuna watu wamekaa juu kwenye vioo, wanamwambia rubani, wewe shuka, wewe ngoja. Hapa hakuna. Hapa marubani wanaambiana wenyewe kwenye redio. Kila mmoja anasema yuko wapi, yuko juu kiasi gani, anaelekea wapi. Mwenzake anasikia, anatazama nje, anampisha."

"Na wewe unafanya nini, Mama?" mgeni angeuliza.

"Mimi si trafiki wa angani. Siwezi kumwambia rubani ashuke au asishuke. Mimi ni macho ya chini. Wakiniuliza upepo, nawaambia upepo. Wakiniuliza ng'ombe, nawaambia ng'ombe."

Kisha angekigonga kiredio cha mkononi alichokining'iniza shingoni kama wanawake wengine wanavyovaa msalaba. Marubani walisemezana wao kwa wao kwa Kiingereza chao cha haraka, lakini wakimtaka Waya Millicent walihamia Kiswahili, na wengine walimsalimia kwanza kama watu walioingia nyumbani kwake.

Sasa, Waya Millicent alikuwa mwanamke mkweli. Hakuiba, hakusengenya sana, na sadaka yake ilitoka kila Jumapili. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao karibu kila mtu pale alikuwa nao, hivyo hakuna aliyeuita ugonjwa. Ukimpigia simu na kumuuliza yuko wapi, alikuwa daima amefika.

Ijumaa moja ya likizo ya Aprili, Waya alikuwa anakwenda Migori kuchukua soksi mpya ya upepo iliyoshonwa na Sainab, mwenye duka la mahema mjini. Ile ya zamani ilikuwa imechanika mpaka ikawa inapunga vidole. Simu yake ililia. Alikuwa Nyabuto, mwendesha bodaboda.

"Waya, nimefika. Niko hapa getini."

"Na mimi ndio natoka, nishafunga mlango," alijibu Waya Millicent, akiwa amepiga magoti chini ya kitanda, kiatu kimoja mguuni, akitafuta cha pili.

Awino alichungulia nje. Getini hapakuwa na Nyabuto. Palikuwa na kuku.

Nusu saa baadaye Nyabuto alifika, Waya akatoka, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Awino alicheka, akaona ndivyo wakubwa wanavyoishi.

"Sikiliza, nyathina, mtoto wangu," Waya alisema akimvisha kile kiredio shingoni. "Nalala Migori. Kesho saa nne Kapteni Ryoba ananirudisha kwa ndege yake. Miaka tisa nafukuza ng'ombe ili watu wengine wapande. Kesho napanda mimi!" Macho yake yaling'aa kama ya mtoto. "Saa nne na nusu Kapteni Emmaculate analeta chanjo za zahanati kutoka Kisumu. Usitoke kiwanjani. Ukiulizwa, sema unachokiona. Usichokiona?"

"Nisikiseme."

"Haya."

Jumamosi asubuhi Awino alifanya kila kitu sawasawa. Aliwatoa ng'ombe, hata Mwenyekiti, aliyekubali baada ya kuahidiwa maganda ya ndizi. Alitazama soksi. Mkia wake ulielekea ziwani, maana yake upepo ulikuwa unatoka mlimani. Alilikariri hilo. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha banda na kusubiri.

Kusubiri kulimshinda. Alihesabu misumari ya bati. Alisimama, akakaa, akavua viatu, akavivaa. Saa tatu na nusu simu ndogo aliyoachiwa na Waya ikalia.

"Uko wapi wewe?" Alikuwa Liz, rafiki yake, na nyuma yake zilisikika kelele za wasichana. "Kochi Frankline anasoma majina ya timu leo! Wale wa kwenda kucheza Homa Bay mjini. Amesema asiyekuwepo jina linakatwa. Wewe si ndiye kipa?"

"Niko karibu," alisema Awino. "Nimefika kwenye mti wa shule."

Alikuwa bado amekaa kizingitini, kiatu kimoja mkononi.

Shule ilikuwa mwendo wa dakika kumi, nyuma ya msitu mdogo wa mikaratusi. Awino alipiga hesabu. Redio inashika mpaka shuleni; alishawahi kujaribu. Kapteni Ryoba hajasema kitu, kwa hiyo bado yuko mbali. Ataita, naye atasikia, atakimbia, atakuwa amerudi kabla magurudumu hayajagusa. Hesabu ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na kosa moja tu, kwamba mtu anaweza kunyamaza na bado akawepo.

Alikimbia.

Shuleni hapakuwa na Kochi Frankline. "Amesema yuko karibu," walisema wasichana, wakatazamana. Saa nne ikafika, ikapita. Awino alirukaruka langoni, akatazama barabara, akatazama redio, akatazama anga. Alijiambia dakika tano zaidi, kisha tano nyingine. Saa nne na dakika ishirini Kochi akaja akipangusa jasho, karatasi mkononi, akiwaambia alichelewa kwa sababu alikuwa amefika mapema mahali pengine.

Hapo ndipo redio ikakohoa.

"Got Adhaya, Got Adhaya, huyu ni Emmaculate. Waya Millicent, habari za chini?"

Awino alijificha nyuma ya nguzo ya goli. "Waya hayupo, Kapteni. Ni mimi, Awino."

"Awino mrefu! Uko kiwanjani, mama?"

Lilikuwa swali rahisi. Jibu lake lilitoka kabla yeye mwenyewe hajalisikia, kama linavyotoka kila siku kwa kila mtu.

"Niko hapa hapa kiwanjani."

"Upepo unatoka wapi?"

"Mlimani. Unaelekea ziwani."

"Kuna ndege nyingine? Ng'ombe?"

"Hakuna. Kuko wazi kabisa."

"Asante sana. Niko dakika saba. Kama upepo ni huo, nakuja moja kwa moja kutoka ziwani, sizunguki. Hizi chanjo hazipendi joto."

Redio ikanyamaza. Awino akageuka, akamkuta Liz amesimama mdomo wazi.

"Yaani wewe!" Liz alisema. "Unadanganya hadi ndege?"

"Si uongo. Hakuna ng'ombe. Niliwatoa mwenyewe."

"Saa ngapi?"

Kochi alikuwa ameanza kusoma. Jina la kwanza, la pili, la tatu. "Kipa," alisema Kochi, akageuza karatasi kutafuta mwanga. Na juu ya sauti yake ukaja mngurumo.

Awino aliinua kichwa. Ndege ndogo nyeupe yenye mkia wa buluu ilikuwa inazunguka juu ya Got Adhaya, imelaza bawa la kushoto kama inayochungulia kisima. Aliijua ndege hiyo. Ilikuwa ya Kapteni Ryoba, na ndani yake alikuwemo shangazi yake.

Aliikaza redio sikioni akisubiri sauti ya Ryoba. Kimya. Alipandisha sauti. Kimya kile kile. Ndege iko pale, inaonekana, inanguruma, na haisemi neno!

Kisha wasichana wawili walikimbizana mbele yake, vumbi likapanda na kumwingia machoni. Alifikicha, akasimama ghafla. Asubuhi vumbi lilikuwa linakwenda ziwani. Sasa lilikuwa linatoka ziwani. Kila mtoto wa kandokando ya ziwa anajua kwamba asubuhi upepo hushuka kutoka nchi kavu, na jua likipanda ziwa huurudisha. Awino alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Ila hakutazama. Alikuwa amemwambia rubani upepo wa saa mbili.

Ndege hutua kwa kuukabili upepo. Kapteni Ryoba ameiona soksi kwa macho yake; atashuka kutoka upande wa mlima, pua kuelekea ziwani. Kapteni Emmaculate ameambiwa kinyume. Atakuja kutoka ziwani, pua kuelekea mlimani. Ukanda ni mmoja. Na saa hizi jua liko mashariki, juu ya mlima. Emmaculate atakuwa analitazama jua lenyewe, na ndani ya jua hilo ndimo Waya alimo.

"Awino!" aliita Kochi. "Awino yuko wapi?"

Awino alikuwa anakimbia.

Alikimbia hatua kama arobaini, na katika hatua hizo arobaini wazo la ujanja lilimkimbilia pembeni. Nikifika kiwanjani, nitasema kutoka kule. Hakuna atakayejua. Waya hatajua. Lakini kiwanja kilikuwa mbali, na zile dakika saba zilikuwa zimebaki nne, pengine tatu. Basi akabonyeza redio huku akikimbia.

"Kapteni Emmaculate! Upepo umegeuka! Na kuna ndege!"

"Ndege ipi? Sijasikia mtu kwenye redio."

"Ya Kapteni Ryoba! Haisemi! Inazunguka!"

"Tulia. Iko upande gani kwako sasa hivi? Iko mbele ya banda au nyuma?"

Awino alitazama. Mbele yake kulikuwa na mikaratusi tu, mirefu, imejipanga kama pazia. Ndege haikuonekana. Angeweza kusema mbele ya banda. Angeweza kusema nyuma. Yoyote kati ya hayo ingekuwa sauti nzuri ya mtu aliye kazini. Na Kapteni angegeuza ndege yake kwa kufuata neno hilo.

Alijua kwamba kila rubani aliye angani kuanzia Kisegi hadi Kegonga angeweza kusikia. Alijua kwamba kazi ya Waya ilikuwa imening'inia kwenye kamba hiyo hiyo ya shingo yake. Alisimama katikati ya njia.

"Kapteni, nilikudanganya. Siko kiwanjani. Niko shuleni, nyuma ya miti. Upepo niliokuambia ni wa asubuhi, sikuutazama. Ndege imepita nyuma ya miti, upande wa mlima. Nafikiri inashuka. Siioni. Waya yangu yumo ndani!"

Akaanza kukimbia tena kuelekea mikaratusi.

"Sawa," ilisema sauti ya Emmaculate, tulivu kama ya mtu anayekata kitunguu. "Asante. Mimi jua limenijaa machoni, sioni kitu. Sishuki. Napanda, nageuka kulia." Kisha akayarudia maneno hayo kwa Kiingereza, polepole, kwa yeyote mwenye masikio.

Awino alichomoka kwenye miti, akaziona zote mbili. Nyeupe ilikuwa chini, imetokea mlimani. Ya Emmaculate, nyekundu, ilikuwa imetokea ziwani. Zilikuwa zimeelekeana kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja. Halafu ile nyekundu ikainua pua na kulalia kulia kwake. Karibu wakati huo huo ile nyeupe nayo ikalalia kulia kwake. Nafasi ikafunguka kati yao, ikawa kubwa, ikawa anga tupu. Ngurumo mbili zilimpita Awino juu ya kichwa, kila moja ikaenda upande wake.

Awino alishusha macho. Sasa aliweza kuona kiwanja chote. Katikati ya ukanda, mahali hasa ambapo magurudumu hugusa, alikuwa amelala Mwenyekiti.

Kuko wazi kabisa, ndivyo alivyosema.

Watu wa Got Adhaya hawakuwahi kumwona Mwenyekiti akikimbia kabla ya siku ile, wala hawajamwona tena. Awino alimjia bila fimbo, bila viatu, akilia na kupiga kelele kwa Kijaluo, Kiswahili na lugha nyingine ambayo bado haijapata jina. Fahali alimtazama mara moja, akaamua kwamba huyu leo si wa kubishana naye, akanyanyuka na kukimbia mpaka kwa mwenyewe.

Ndege nyeupe ilizunguka tena na kutua kutoka mlimani, taratibu. Dakika chache baadaye ile nyekundu nayo ikaja. Safari hii haikuja moja kwa moja. Ilizunguka kiwanja kizima kwa upande wa kushoto, ikataja kila kona iliyofika, kisha ikashuka.

Waya Millicent alitoka kinyumenyume, akitafuta ardhi kwa kidole cha mguu. Alikuwa ameikumbatia soksi mpya kifuani kama mtoto mchanga.

"Wuololo! Miguu yangu imebaki juu," alisema. Kisha akamwona Awino, na furaha ya kuwa hai ikamfanya aseme mengi kwa pamoja. "Nyathina, umeona? Redio yake ilikufa tukiwa juu ya Rongo. Akaniambia, Mama, leo wewe ndiye macho yangu, tazama kioo chote. Kitu kinachosogea pembeni kitatupita. Kinachokaa pale pale na kuzidi kuwa kikubwa, hicho kinatujia. Basi nikaona kitone kama kunguru. Nikasema kunguru huyu mbona hapigi mabawa? Mbona hasogei? Mbona ananenepa? Nikampiga Kapteni kofi la bega!"

"Bado linauma," alisema Kapteni Ryoba, mwanamume mwembamba wa Kegonga, akijaribu kucheka bila kufaulu vizuri. "Nilipoiona, nikageuka kulia. Mkikutana uso kwa uso, kila mtu kulia kwake. Lakini kama yule mwingine angeendelea kuja, sijui kama ningewahi."

"Kwani nani alimwambia aje kutoka kule?" Waya aliuliza. "Soksi si ilikuwa inaonekana?"

Kapteni Emmaculate alikuwa amefika, sanduku la chanjo begani. Alimtazama Awino. Alimwachia nafasi.

"Ni mimi, Waya," Awino alisema. Alieleza yote: Liz, Kochi, mikaratusi, upepo wa saa mbili, Mwenyekiti. Alieleza akitazama vidole vya miguu yake vilivyojaa vumbi, na hakujipunguzia hata kidogo.

Waya Millicent alisogea karibu. Alinyoosha mkono, akakivua kiredio shingoni mwa Awino.

"Nilikuachia macho yangu," alisema, "ukaenda nayo kwenye mpira."

Awino alilia sasa kwa sauti. Walimwacha alie. Emmaculate alimpelekea muuguzi wa zahanati chanjo zake, akarudi, akachuchumaa mbele yake.

"Nitaandika ripoti," alisema. "Ndiyo kazi yetu; jambo kama hili haliwekwi mfukoni. Nitaandika kwamba ulisema uongo. Nitaandika pia kwamba uliurudisha mwenyewe, kila mtu akisikia, na kwamba ndiyo maana nimechuchumaa hapa. Tena nitaandika yangu. Kwenye kiwanja kisicho na mnara ninatakiwa kuzunguka, kutazama soksi kwa macho yangu na kumtafuta yule asiyesema. Nilikuwa na haraka, nikalifanya neno la mtoto kuwa macho yangu. Hilo ni langu."

"Na mimi," alisema Ryoba, akikuna lile bega lililopigwa kofi. "Redio ilipokufa nilipaswa kugeuza nirudi Migori mapema. Ila Mama alikuwa anafurahia safari, nikaona aibu kumrudisha."

Wote watatu wakamtazama Waya Millicent. Waya alitazama mlima. Alitazama ziwa. Mwishowe hapakubaki pa kutazama.

"Mnanitazamia nini?" alisema. "Haya. Redio si ya mtoto, na mimi ndiye niliyempa. Na jana nilikuwa chini ya kitanda nikimwambia Nyabuto nimefunga mlango. Huyu mtoto alikuwa amesimama hapo akinisikiliza. Ameukuta uongo huu nyumbani, hakuuokota njiani." Akamvuta Awino karibu na kumpangusa uso kwa ncha ya ile soksi mpya. "Sasa nisikie, maana sitarudia. Mtu anapokuuliza uko wapi, hakupi salamu. Anataka kujua aelekee wapi, angoje kiasi gani, akupishe au akufuate. Ukimpa mahali ambapo hupo, amejipanga na hewa. Chini huku atachelewa chai tu, atakusamehe. Juu kule hakuna wa kusamehe, watu wanakuja tu kuokota vipande. Ulimi hauna wa chini na wa juu, nyathina. Ni ule ule mmoja. Ukiuzoesha kusema ukweli kwenye mambo madogo, siku ya jambo kubwa hautapotea njia."

"Na ukikosea?" Awino aliuliza, kamasi zikimtoka.

"Ukikosea, sema haraka, kama leo. Usingoje ufike mahali pazuri pa kusemea."

Kazi ya Waya ilining'inia wiki mbili nzima. Alikuwa akisikia pikipiki anachungulia dirishani, akisikia simu anashika kifua. Barua ilipokuja ilisema abaki, ila kifaa cha kiwanja kisishikwe tena na mtoto yeyote, na nambari za marubani zibandikwe bandani ili redio ya kiwanja ikifa marubani wapigiwe simu kabla ya kuruka. Waya aliisoma mara tatu, akaibusu, kisha akamnunia Awino siku nzima ili asisahau.

Awino hakupewa redio. Alipewa soksi. Kila asubuhi, baada ya Mwenyekiti, aliitazama na kumwambia Waya mkia umeelekea wapi. Saa nne aliitazama tena, na saa sita tena, ijapokuwa hakuna aliyemtuma. Miguu yake bado haikutulia, lakini sasa ilikuwa na mahali pa kwenda.

Kuhusu mpira, Kochi Frankline alikuwa ameshalikata jina lake siku ile ile. Baadaye alisikia habari, kama alivyosikia kila mtu mpaka Rodi Kopany, akamrudisha awe kipa wa akiba. Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa moja asubuhi.

Saa moja na dakika tano, simu ya Waya Millicent ililia uani. Waya alimpelekea Awino bafuni, akaipitisha juu ya ukuta wa mabati.

"Awino, uko wapi?" ilisema sauti kali ya Kochi. "Timu nzima inakungoja wewe!"

Awino alifungua mdomo. Lile jibu la zamani lilikuwa pale pale, limekaa kwenye ncha ya ulimi, limevaa viatu tayari. Nje, Waya Millicent aliacha kufagia.

"Niko bafuni, Kochi," alisema Awino. "Nina sabuni kichwani. Naomba dakika ishirini na tano."

Akajifuta povu sikioni. Kisha, upande wa pili, ukasikika mlio wa kitanda.

"Sawa, sawa," ilisema sauti ya Kochi, sasa ndogo. "Usijivunje mguu. Hata mimi... ndio natafuta soksi."

Waya Millicent alicheka mpaka ufagio ukamwanguka. Halafu akauokota, akatazama juu kuelekea ziwani, akasikiliza rubani akimuuliza kama yuko kiwanjani, na kubonyeza kiredio chake. "Bado niko uani na ufagio, Kapteni; nipe dakika tano nifike kiwanjani."